Pingili hizo ni za muhogo gani?

Mvua za vuli zinakaribia na pingili zimeanza kusafiri. Zinapita Kisorya kwa baiskeli, kwa bodaboda na kwa kivuko cha Rugezi, kila fungu na jina lake: Mkombozi, Lyongo Kwimba, au "ile mbegu ya bwana shamba", ambayo kila kijiji kina ya kwake. Msimu huu nawaomba jina mliweke pembeni kwanza, mtazame mmea.

Muhogo tunaupanda kwa pingili, kwa hiyo kila shina ni nakala ya mama yake. Jina ndilo linalobadilika njiani. Kusini mwa Tanzania wanalima Namikonga, muhogo unaosifika kwa kustahimili ugonjwa wa michirizi ya kahawia. Pwani ya Kenya wana Kaleso. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya mihogo hiyo miwili walikuta ni mmoja! Kwetu huwa kinyume chake pia: jina moja, mihogo mitatu shambani.

Namikonga ina ukoo wa kueleza. Kuanzia miaka ya 1930, pale Amani katika milima ya Usambara, Storey na Nichols, na baadaye Jennings, waliuchanganya muhogo na mpira wa Ceara, ndugu yake, ambao Wajerumani waliupanda kwa ajili ya utomvu. Walitaka mihogo itakayostahimili magonjwa ya batobato na michirizi. Machotara wa kwanza hawakuwa na mizizi ya maana, ikabidi wachanganywe tena na muhogo, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2016, watafiti waliosoma vinasaba vya mihogo mingi waligundua kwamba vipande vya mpira bado vimo ndani ya baadhi yake, Namikonga ikiwemo. Ukiitazama shambani ni muhogo tu.

Mpira wenyewe wengi mnaujua kwa kisamvu chake. Ni mti mrefu, gome lake jembamba linabanduka, majani yana kijani cha kuelekea samawati. Geuza jani: kikonyo kimeshika ndani kidogo ya ukingo. Kisha tafuta tunda. La muhogo lina mbawa sita ndogo, la mpira ni mviringo usio na mbawa. Chotara wao hukaa katikati, na hapo ndipo macho yanapokwama.

Kutofautisha muhogo na muhogo kunataka subira zaidi. Funga kitambaa kwenye mashina machache na uyarudie. Muhogo ukiwa na miezi mitatu, tazama majani ya kileleni: ni ya kijani au zambarau, yana vinyweleo au hayana? Kwenye miezi sita, chukua jani lililokomaa katikati ya shina, uangalie rangi ya kikonyo, idadi ya vidole vya jani na umbo lake. Wakati wa kuvuna, linganisha ganda la nje, ganda la ndani na nyama. Mimi huliamini zaidi ganda la ndani, liwe jeupe au la waridi, kwa sababu vidole vya jani hubadilika upana kwa ukame na kivuli. Shina lenye batobato usilitumie kabisa kwa kazi hii. Ugonjwa hulikunja jani hata mwenye mbegu asiitambue.

Maabara hufanya kazi kwa jani dogo tu. Hutafuta sehemu za vinasaba ambamo herufi chache hujirudia, kwani idadi ya marudio hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Mikocheni, Dar es Salaam, wanafanya utafiti wa namna hiyo, na kwa Kanda ya Ziwa mlango wa kubisha ni TARI Ukiriguru. Mkulima wa ekari moja hana haja ya kuhangaika hivyo. Kikundi kinachozalisha pingili za kuuza, hicho ndicho kimwombe afisa ugani akiunganishe nao.

Lakini kipimo cha mbegu hakisemi kama kirusi cha batobato au cha michirizi kimo. Hicho ni kipimo kingine. Wala sura ya mmea haikuhakikishii kwamba muhogo ni mtamu, na sumu huongezeka wakati wa ukame. Mwaka 1985 wilayani Tarime, mkoa wetu huu huu wa Mara, watu walipooza miguu kwa konzo, ugonjwa unaoletwa na muhogo mchungu usiosindikwa vya kutosha. Loweka na kausha kama wazee walivyofundisha, hata mbegu ikiwa na cheti.

Kabla hujapokea fungu, nenda shamba lilikotoka. Omba kung'oa mashina mawili matatu na ukate mizizi vipande, kwani michirizi hujificha chini huku majani yakipendeza. Ukikuta madoa ya kahawia yaliyokauka ndani ya nyama, usichukue pingili za shamba hilo, hata za shina la pembeni linaloonekana zima.