Umekatwa shoti? Dai maandishi

Ukifanya kazi kituo cha mafuta, baa, duka la dawa au kaunta ya supamaketi, huna haja ya kuelezwa shoti ni nini. Zamu imeisha, hesabu imefungwa, fedha hazifiki. Mwisho wa mwezi mshahara unaingia ukiwa umepungua, na ukiuliza unajibiwa neno hilo hilo moja. Wengi huishia hapo. Hunung'unika wakibadili sare, hulipa kimya kimya, na mwezi unaofuata wanakatwa tena.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, ina maneno mengi kuhusu jambo hili. Kifungu chake cha 28, kama kilivyotungwa, kinaanza na katazo: mwajiri hatakata ujira wa mfanyakazi. Ruhusa zinakuja baadaye. Yako makato yanayotokana na sheria yenyewe, kama kodi ya mapato na mchango wa hifadhi ya jamii, na yale yanayotokana na amri ya mahakama au mkataba wa hali bora. Nje ya hayo, kukatwa kwa ajili ya deni kunahitaji ukubali kwa maandishi. Na deni likiwa ni la hasara au uharibifu, yaani shoti, kreti ya soda iliyovunjika, simu ya ofisi iliyoibwa, saini yako peke yake haitoshi.

Lazima hasara iwe imetokea katika utendaji wa kazi na kwa kosa lako. Mwajiri akueleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na jinsi alivyokipata kiasi hicho. Akupe nafasi ya kutosha kupinga lolote kati ya hayo matatu. Asikudai zaidi ya hasara halisi. Na makato ya namna hiyo yasizidi robo ya ujira wako wa fedha.

Rudia kusoma sharti lile la kosa, maana ndilo linalovunjwa mchana kweupe. Pampu mbili, wahudumu wanne, zimepungua Sh. 120,000, basi kila mmoja akatwe 30,000. Kwa meneja hiyo ni hesabu nyepesi, ila haijibu swali la sheria: nani alikosea, na alikosea nini? Huenda mteja aliondoka bila kulipa. Huenda makabidhiano ya zamu iliyotangulia yaliandikwa vibaya, au pampu yenyewe ina hitilafu. Kwa maoni yangu, mwajiri anayegawa hasara kwa vichwa ameruka uchunguzi, na kila mmoja wa wale wanne anaweza kuudai.

Robo nayo ina hesabu yake. Tuseme mshahara wako ni Sh. 400,000 na umekiri shoti ya 150,000. Haiwezi kuchukuliwa yote kwa mkupuo. Kikomo ni 100,000. Na hicho ni kikomo tu. Hakuna kinachokuzuia kuomba ukatwe 30,000 kwa miezi mitano ukaeleza kwamba una kodi ya nyumba na ada ya mtoto.

Waajiri wengine hupenda kumsainisha mtu siku ya kwanza karatasi inayosema anakubali kukatwa "hasara yoyote itakayotokea". Kama ulishasaini, usikate tamaa. Ukubali wa jumla haufuti yale masharti mengine: bado chanzo kiandikwe, hesabu ionyeshwe, nawe usikilizwe. Jambo jingine lililokatazwa wazi ni kukufanya ukiri kupokea kiasi kikubwa kuliko ulichopewa. Ukiambiwa usaini laki nne huku mkononi una laki tatu, andika kwa kalamu pembeni ya saini yako kiasi ulichopokea hasa.

Sasa, unalisemaje bila kugombana? Si mbele ya wateja, wala si siku ile ile damu ikiwa bado inachemka. Tuma ujumbe au andika barua fupi, kwa heshima ile ile unayoitumia kila siku: "Shikamoo bosi. Mshahara wangu wa mwezi huu umepungua Sh. 60,000. Naomba nipatiwe kwa maandishi sababu ya makato hayo, kiasi na hesabu yake, ili nami nitoe maelezo yangu. Ahsante." Hakuna tusi humo, hakuna tishio, hata sheria haijatajwa. Lakini sasa upo ushahidi kwamba uliuliza, na tarehe yake inajulikana. Akijibu kwa mdomo, mwandikie tena: "Nashukuru kwa maelezo ya leo asubuhi, kwamba nimekatwa kwa sababu ya zamu ya Jumamosi." Yaliyosemwa chumbani yanakuwa yameandikwa.

Uwe pia na daftari lako. Kila zamu andika muda wa kuingia na kutoka, mita ilivyosoma, fedha ulizokabidhi na aliyezipokea. Slipu za mshahara usizitupe. Kama hupewi, ziombe, kwa kuwa sheria inamtaka mwajiri aambatanishe malipo na maelezo ya maandishi.

"Lakini mimi sina mkataba." Sentensi hiyo imewanyamazisha watu wengi bila sababu. Wajibu wa kuandika maelezo ya ajira, yakiwemo kazi yenyewe, saa na ujira, ni wa mwajiri. Shauri likifika mbele akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti mnalobishania unamwangukia yeye.

Hofu kubwa, bila shaka, ni kufukuzwa. Sheria inasema kwamba kutumia haki uliyopewa na sheria au na mkataba si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Wapo watakaotafuta sababu nyingine, tusidanganyane. Ndiyo maana utaratibu una uzito. Ukiitwa kwenye kikao cha nidhamu, una haki ya kupewa muda wa kujiandaa, ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na kusindikizwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Ukiwekewa mbele barua ya "kujiuzulu kwa hiari" ambayo hukuiandika, usisaini. Sema utajibu kesho. Aliye kazini chini ya miezi sita ajue kwamba sehemu ya sheria inayohusu kuachishwa isivyo halali haimgusi, ingawa ujira wake aliokatwa bado anaweza kuudai.

Mazungumzo yakigonga mwamba, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi huiita CMA. Hapa ndipo watu wengi hupoteza haki zao, kwa kuchelewa tu. Mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30. Migogoro mingine, makato yakiwemo, ndani ya siku 60 tangu ilipozuka. Bosi akikuahidi "tutalimaliza mwezi ujao", msubiri ukiwa unahesabu siku. Ukichelewa utalazimika kwanza kuomba uongezewe muda na kueleza sababu za msingi.

Tume huanza na usuluhishi, yaani mnaketi mbele ya msuluhishi kutafuta mwafaka. Ukishindikana, shauri linakwenda kwenye uamuzi. Si lazima uwe na wakili; unaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chako au mtu uliyemchagua mwenyewe. Watumishi wa umma wana ngazi zao za rufaa za kupitia kwanza, na Zanzibar inatumia Sheria yake ya Ajira ya mwaka 2005.

Fomu unayojaza ni namba 1. Jaza kiasi unachodai kwa tarakimu, utaje na miezi uliyokatwa. Mpelekee mwajiri nakala kwa sababu Tume itataka uthibitisho kwamba ameipata, na aliyeipokea aandike jina, saini na tarehe kwenye nakala unayobaki nayo.