Tangu apate kidonda, hataki hata kuongea

*Mume wangu ana kisukari miaka saba sasa. Tangu apate kidonda mguuni haendi tena kwenye mikorosho. Analala kaelekea ukutani, vidonge hataki. Shemeji zangu wanasema mvivu, wengine karogwa. Juzi kaniambia: "Nikiondoka mtapumzika." Nifanyeje? – Mke, Nandagala, Ruangwa*

Mwanangu, mtu aliyelima tangu ujana haamki siku moja akawa mvivu. Unayonieleza yanafanana sana na sonona, nayo ni ugonjwa. Wenye kisukari huipata mara mbili hadi tatu zaidi ya wasionacho. Maumivu hayamwachi alale, chakula kina masharti, na jembe lake sasa unalishika wewe. Akikata tamaa anaacha dawa. Sukari inapanda, kidonda hakifungi, naye anazidi kuzama.

Ile kauli yake ya juzi usiipuuze. Mkiwa wawili, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi hupumua wakiulizwa. Akikubali, asiachwe peke yake, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Hata akikana, dawa za kupulizia mikorosho zitoke nyumbani leo, zikae kwa jirani mwenye stoo ya kufuli. Nakusihi, hili usilicheleweshe.

Mkifika kliniki Ruangwa, msiishie kupima sukari na kusafisha kidonda. Mwambie daktari kwamba halali, hali, hana hamu ya kitu, na tangu lini. Kama miguu humwaka moto usiku, litaje: amitriptilini, dawa ya sonona ya siku nyingi, hutuliza pia maumivu hayo. Daktari ndiye ataamua kama inamfaa, hasa akiwa na shida ya moyo. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, kwa hiyo msiziache njiani. Vidonge vitunze wewe, umpe kwa dozi.

Wanaotaka kumpeleka kwa mganga sigombani nao, ila dawa za kisukari zisikatwe hata siku moja.

Shemeji zako wape kazi: mmoja amsindikize kliniki, mwingine ashike shamba nawe upate kulala. Yeye naye msimu ukifika mwekeeni korosho mbele yake, achambue nzuri na mbovu kabla hazijapelekwa chama cha msingi. Hiyo ni kazi ya kukaa, na jicho lake bado mnalihitaji. Mwambieni hivyo.