Moyo Ukikuambia "Hama Kazi", Mwenzako Aseme Nini?

Swali la kuhama kazi mara nyingi halianzii kichwani. Mtu huamka siku moja akaona moyo haupo tena kazini. Hana sababu ya kueleza, lakini machale yanamcheza. Je, ayafuate? Na mwenzake, ambaye hakusikia lolote moyoni mwake, afanyeje?

Tuchukue mfano wa mwalimu Mkatoliki anayefundisha Takaba, katika Kaunti ya Mandera. Mkewe yuko Machakos na watoto, nao huonana wakati wa likizo tu. Mwalimu huyu hupata posho ya mazingira magumu, na posho hiyo ndiyo inayolipa karo. Usiku mmoja anapiga simu: "Mama watoto, roho yangu imekataa. Nataka kuomba uhamisho. Nikikosa, naacha ualimu nije tufungue duka." Mke anafurahi na kuogopa papo hapo. Anafurahi kwamba mume atakuwa nyumbani, anaogopa shule itakapofungua muhula.

Kaskazini Mashariki hili si swali la maneno matupu. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilishambuliwa na watu 28 wakauawa, wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Mwaka huo walimu wengi wasio wenyeji walikataa kurudi kazini, wengine wakarudi. Asiwepo wa kusema kwamba waliorudi walikuwa na imani na waliobaki nyumbani hawakuwa nayo.

Basi tuanze na hofu ya namna hiyo. Mume akisema safari ya kesho haimkai rohoni, asisafiri kesho. Machale ya hatari hayangoji kikao cha familia. Mke asimwambie "mwanamume haogopi", wala asihesabu kwanza siku za mshahara zitakazokatwa.

Lakini moyo husema "hama" kwa sababu nyingine pia: joto, upweke wa chumba cha kupanga, mwalimu mkuu asiyemjali, mtoto aliyeugua baba akiwa mbali. Hapo hakuna haja ya kukimbia. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijifunza jambo hili akiwa kitandani, baada ya kujeruhiwa vitani Pamplona mwaka 1521. Aliona kwamba kuna mawazo yaliyomfurahisha alipokuwa akiyawaza, kisha yakamwacha mkavu. Mengine yalimwachia utulivu hata baada ya kupita. Baadaye aliwafundisha watu wasibadili uamuzi wao wakati roho imegubikwa na giza. Kwa mwalimu wetu, giza hilo ni Jumapili jioni akiwa peke yake, na pengine wiki ya kwanza baada ya likizo, harufu ya nyumbani ingali kwenye nguo. Moyo ukisema "hama" siku hizo tu, angojee kidogo. Ukisema hivyo hivyo Jumatano ya kawaida, darasa limekwenda vizuri na mshahara umeingia, hapo asikilize kwa makini.

Kuna jambo la pili, nalo wengi hulisahau. Mwaka 2009 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Gary Klein, waliokuwa na mitazamo tofauti kuhusu machale, waliandika pamoja kwamba machale huaminika pale tu mtu alipozoea jambo lenye mpangilio, akalirudia mara nyingi na kuona matokeo yake. Mfugaji wa Takaba akikuambia malisho ya upande fulani hayatafika mwisho wa kiangazi, msadiki. Vivyo hivyo, mwalimu aliyekaa Takaba miaka sita anaijua Takaba, na moyo wake ni shahidi mzuri wa kazi ile. Lakini duka la Machakos moyo wake haulijui hata kidogo! Anachokiita "moyo umeniambia" kuhusu duka ni tamaa tu. Tamaa si dhambi, ila ihesabiwe: kodi, bidhaa, wateja wa mkopo. Anayejua mambo hayo ni mkewe, anayepita sokoni kila siku.

Kwa hiyo nyumba hii ina mioyo miwili, na kila mmoja ni shahidi wa jambo lake. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1151, inasema wanandoa wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa sababu halali iwaruhusu kutengana. Karo yaweza kuwa sababu. Lakini mkae chini na kuulizana kila mwaka kama bado ni sababu, msiache mazoea yawaamulie. Na mmoja asifunge mazungumzo kwa kusema "Mungu ameniambia". Hata kama ni kweli, mwenzako naye ana masikio.

Moyo waweza pia kusema "baki". Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo basi lao liliposhambuliwa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mtu aliyeishi na majirani kama hao aweza kuwa na sababu ya kubaki isiyoandikika kwenye fomu, na mke aliye mbali hataiona mpaka aelezwe.

Jaribuni hivi. Kwa siku tatu mume aishi kana kwamba ameshaamua kuondoka. Siku tatu nyingine kana kwamba ameamua kubaki. Kila jioni aandike mstari mmoja. Mke afanye vilevile huko Machakos. Kisha mbadilishane madaftari, au msomeane kwa simu, bila kukatizana. Mkiona mmeelekea kuondoka, aanze na barua ya uhamisho kwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, si barua ya kuacha kazi. Ya kwanza akikataliwa anabaki na mshahara; ya pili ikishapokelewa, kurudi ni vigumu. Wakati anangoja jibu, mke aweza kuanza na meza moja ya mboga mbele ya nyumba, na kuandika kila jioni ameuza nini.