Ualbino na Jua la Ziwa Viktoria: Dalili, Kinga na Tiba

Mji wa Mwanza uko karibu na Ikweta, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mahali kama hapo mionzi ya jua hufika ardhini ikiwa na nguvu nyingi. Kwa wakazi walio wengi, rangi ya ngozi ndiyo mwavuli wao. Mtu mwenye ualbino hana mwavuli huo. Makala hii yaeleza chanzo cha hali hiyo, dalili zake, na jinsi ya kuzuia madhara yake.

Chanzo

Rangi ya ngozi, nywele na macho hutokana na melanini, ambayo hutengenezwa na seli maalumu mwilini. Kazi hiyo huongozwa na vinasaba, ambavyo mtoto hurithi nakala moja kwa baba na nyingine kwa mama. Aina ya ualbino iliyoenea zaidi Afrika Mashariki husababishwa na hitilafu katika kinasaba kiitwacho OCA2. Mwenye nakala moja tu yenye hitilafu huwa na rangi ya kawaida. Wazazi wawili wa namna hiyo wakikutana, kila mimba huwa na nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mwenye ualbino.

Hukadiriwa kwamba nchini Tanzania mtu 1 kati ya 1,400 ana ualbino. Tukifuata kanuni za urithi, makadirio hayo yaonyesha kwamba mtu 1 kati ya 19 hivi amebeba hitilafu hiyo bila kujua. Hivyo basi mama asilaumiwe: baba naye amechangia sawasawa. Wala hapana laana, wala nguvu ya uganga katika viungo vya mtu huyo. Imani hiyo ya uongo ndiyo iliyochochea mauaji ya kinyama katika Kanda ya Ziwa miaka ya 2007 na 2008.

Dalili

Mtoto huzaliwa na ngozi nyeupe na nywele za manjano. Macho yake huchezacheza, huumizwa na mwanga mkali, na hayaoni mbali vizuri. Miwani husaidia, lakini haiondoi tatizo lote. Kwa hiyo shuleni aketishwe mbele, mbali na mwanga wa dirisha.

Jua likimpata, ngozi huwa nyekundu na kuuma. Baada ya miaka hukauka, hukunjamana, na kuota magamba yanayokwaruza. Magamba hayo ni onyo. Kidonda kisichopona kwa majuma manne, au uvimbe unaokua au kutoa damu, huenda ni saratani.

Gharama ya kuchelewa

Mwaka 2012 madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 64 wenye ualbino waliougua saratani ya ngozi. Nusu yao hawakuzidi umri wa miaka 30. Nusu walikuwa wamekaa na ugonjwa miezi 24 au zaidi kabla ya kufika hospitali, na sababu kubwa ya kuchelewa ilikuwa ukosefu wa fedha. Kwa wagonjwa 46 saratani ilikuwa kichwani au shingoni, mahali panapopigwa na jua zaidi.

Kinga na tiba

Ualbino wenyewe hauna dawa ya kuuondoa, lakini saratani yaweza kuzuiwa. Tangu utotoni, mtu huyo avae mikono mirefu na kofia pana. Kapelo haifuniki masikio wala shingo. Akae kivulini kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri, hata kukiwa na mawingu. Apake mafuta ya kukinga jua na kuyarudia kila baada ya saa 2. Kuanika dagaa ufukweni mchana hakumfai. Kuwapima na kuwauza bandani kwamfaa.

Magamba huondolewa kwa kugandishwa na naitrojeni baridi, au kwa dawa ya kupaka. Saratani changa hukatwa kwa upasuaji mdogo; iliyokomaa hutaka upasuaji mkubwa na tiba ya mionzi, na huenda isipone. Kwa hiyo ngozi ikaguliwe na daktari kila miezi 6, hata kama mwenyewe hajisikii maumivu yoyote.