Barakoa na Haki ya Jirani

Ndugu msomaji, tangu mwaka 2020, katika miaka ya ugonjwa wa Korona, swali moja lilisikika misikitini, sokoni na ndani ya mabasi: Je, serikali ina haki gani kumwamrisha mtu mzima, mwenye akili zake timamu, afunike pua na kinywa chake? Wako waliolijibu kwa hasira, na wako waliolijibu kwa dhihaka. Ni wachache waliokaa kitako wakalipima. Nasi twaona yafaa lipimwe sasa, wakati hofu imetulia, kwani magonjwa ya kuambukiza hayajaisha duniani, na swali hilo halina budi kurudi.

Tukiyachuja maneno ya waliokataa, twakuta hoja mbili. Ya kwanza ni ya mtu wa dini: ajali imekwisha andikwa, basi kitambaa kitazuia nini? Ya pili ni ya mtu wa dunia: mwili ni wangu, nikiugua nimeugua mimi, wengine yawahusu nini? Hoja hizi zaonekana ziko mbali kama mbingu na ardhi. Walakini zina kasoro moja: zote mbili humtazama mvaaji peke yake, wala hazimwoni aliyeketi ubavuni mwake.

Tuanze na hoja ya kwanza, maana hiyo ilikwisha pata jibu zamani sana. Mwaka 18 wa Hijra, sawa na mwaka 639, Hadhrat Umar r.a. alitoka Madina akielekea nchi ya Sham. Alipofika mahali paitwapo Sargh alilakiwa na majemadari wake, miongoni mwao Hadhrat Abu Ubaida r.a., wakampa habari kwamba tauni imeingia huko. Tauni hiyo ndiyo inayojulikana katika historia kwa jina la Amwas. Khalifa hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina wa kwanza, wakahitilafiana. Akawaita Ansari, nao wakahitilafiana. Kisha akawaita wazee wa Kikureshi, na hao wakaafikiana kwamba watu warudi. Basi akatangaza kurudi.

Hapo ndipo Abu Ubaida, mtu mwema ambaye hakuna awezaye kuitilia shaka imani yake, alipouliza kama huku si kuikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Umar akamjibu kwamba ndiyo, wanaikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, moja lina majani na moja ni kavu: popote atakapolisha atakuwa amelisha kwa kadari ya Mungu, lakini nani atamsifu yule aliyechagua upande mkavu? Kisha akaja Abdurrahman bin Auf r.a., ambaye hakuwapo katika mashauri yale, akaeleza aliyoyasikia kwa Mtume Muhammad s.a.w.: watu wasiingie nchi iliyopatwa na tauni, na tauni ikiwakuta katika nchi wasitoke kuikimbia.

Yatazame vema maagizo hayo mawili. La kwanza lamlinda mtu mwenyewe. La pili halimlindi hata kidogo. Lamlinda mtu wa mji mwingine, asiyemjua wala hatamwona maisha yake yote. Abu Ubaida alirudi kwa watu wake Sham, na tauni ile ikamwua. Ajaye na hoja ya kadari apaswa kwanza kueleza kwa nini kadari hiyo hiyo haikumzuia Umar kugeuza ngamia wake.

Sasa tuingie katika hoja ya pili, ambayo ndiyo ngumu zaidi. Kwanza yatubidi kusema kweli juu ya kitambaa chenyewe, kwani wako walioitetea barakoa kwa kuitia chumvi, na chumvi hiyo iliwapa wapinzani silaha. (Neno lenyewe si geni kwetu. Barakoa ilikuwa vazi la uso la mabibi wa Unguja na Omani zamani kabla ya Korona, nalo lilipewa kazi mpya katika mwaka 2020.) Mwanzoni waganga wenyewe hawakuafikiana. Shirika la Afya Duniani halikupendekeza barakoa kwa watu wote hata tarehe 5 Juni 2020 lilipobadili ushauri wake. Katika mwaka huo huo huko Denmark watu wapatao 6,000 waligawanywa makundi mawili, moja likashauriwa kuvaa barakoa na jingine halikushauriwa. Baada ya mwezi mmoja walioambukizwa walikuwa asilimia 1.8 katika kundi la kwanza na asilimia 2.1 katika la pili. Tofauti hiyo ni ndogo mno hata wachunguzi hawakuweza kuapa kwamba haikutokea kwa bahati tu.

Wapinzani walifurahi. Lakini uchunguzi ule ulipima jambo moja tu, nalo ni kama barakoa humkinga mvaaji. Haukupima kama humkinga jirani yake, na huko ndiko ilikokuwa hoja. Mtu akisema, akiimba, akikohoa au hata akipumua tu, hutoa matone madogo ambayo mengine huelea hewani ndani ya chumba kisicho na madirisha wazi. Ugonjwa wa Korona ulikuwa na hila moja mbaya: mtu aliweza kuueneza siku moja au mbili kabla hajahisi homa yoyote. Basi hakuna aliyeweza kusema kwa yakini kwamba pumzi yake ni safi.

Ndiyo kusema pumzi si mali ya mtu peke yake ikisha toka kinywani. Jambo hili Islam ililifahamu katika mambo madogo kabisa. Mtume s.a.w. alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti, ili asiwaudhi wengine kwa harufu yake. Na yeye mwenyewe alipopiga chafya alifunika uso kwa mkono au kwa nguo yake. Kitunguu saumu ni chakula halali, na harufu yake haimwui mtu. Ikiwa kwa harufu tu haki ya aliyesimama safu moja nawe hutangulizwa mbele ya uhuru wako wa kula, utasemaje juu ya pumzi iwezayo kumlaza mzee kaburini?

Pengine msomaji atasema: Nimekubali kwamba ni wajibu wangu, lakini je, wajibu huo yafaa ulazimishwe kwa faini na polisi? Hapa twaiendea habari ya mji wa San Francisco nchini Marekani, maana mji huo ulilijaribu jambo hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita, wakati wa homa kuu ya mafua ya mwaka 1918, ambayo makadirio mengi husema iliua watu milioni 50 duniani.

Mwezi Oktoba 1918 baraza la mji huo lilipitisha sheria ya kumtaka kila mtu avae barakoa ya shashi awapo mahali pa watu. Aliyekaidi alitozwa faini ya kati ya dola 5 na dola 100, au alifungwa hadi siku 10. Mganga mkuu wa mji, Dakta William Hassler, alikuwa mtetezi mkubwa wa sheria hiyo, na meya, James Rolph, alikuwa pamoja naye. Watu wengi walitii, na wasiotii walikamatwa kwa mamia. Kisha mwezi Novemba palikuwa na mashindano ya ngumi. Mpiga picha alipiga picha ya watazamaji, na picha ilipotoka waliona wakubwa wa mji wameketi nyuso wazi, na meya na mganga mkuu wakiwa miongoni mwao! Meya alitozwa dola 50 na mganga dola 5.

Twaweza kucheka, lakini fikiri, ndugu msomaji, mfua chuma au mwuza samaki aliyelala rumande wiki iliyotangulia kwa kosa lilo hilo alisemaje alipoiona picha hiyo. Faini ya meya ililipwa siku moja. Imani ya watu hailipwi kwa dola 50.

Tarehe 21 Novemba saa sita mchana ving'ora vililia mjini kutangaza kwamba sheria imekwisha, na watu wakazitupa barakoa zao njiani kwa shangwe. Ugonjwa ukarudi. Sheria iliporejeshwa tarehe 17 Januari 1919 hali haikuwa kama kwanza. Likaundwa Shirikisho la Kupinga Barakoa, na mkutano wake ukahudhuriwa na watu wapatao 2,000. Tarehe 1 Februari sheria ikaondolewa tena. Mafua yale yaliua zaidi ya watu 3,000 katika mji huo. Insafu yataka tuongeze kwamba shashi ya siku zile ilikuwa hafifu. Dakta W. H. Kellogg wa idara ya afya ya jimbo la California, baada ya kuipima, alisema kwamba sheria hizo hazikuleta faida iliyotarajiwa. Kwa hiyo tusiseme kwamba San Francisco ingaliokoka kama watu wangalitii tu. Ila yaonekana wazi kwamba sheria iliwafanya watu wavae kwa kumwogopa askari, na hofu ya askari ilipopungua kitambaa kilianguka.

Jambo hilo twalijua hata sisi wa Afrika Mashariki. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2020 ziliweka faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi 6 kwa asiyevaa barakoa mahali pa watu. Tuliona nini? Barakoa zilikaa kidevuni, zikipandishwa puani askari alipoonekana na kushushwa alipopita. Kidevu hakiambukizi mtu. Aliyefanya hivyo alijilinda na askari tu. Mama mzee aliyebanana naye ndani ya matatu hakupata kitu. Wala tusisahau kwamba kwa mchuuzi ambaye pato lake la siku halifiki hata sehemu ndogo ya faini hiyo, sheria ya namna hiyo ni mzigo mzito kuliko kwa mwenye gari lake. Haki yadai kwamba anayeamrisha barakoa ampe barakoa asiyeweza kununua.

Jambo hili la mwisho ndilo lililofanywa Bangladesh. Huko nako sheria ya barakoa ilikuwapo, na watu wengi hawakuijali. Tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwaka 2021 wachunguzi walichagua vijiji 600 vyenye watu wazima wapatao 342,000. Katika nusu ya vijiji hivyo walifanya mambo manne: waligawa barakoa bure nyumba kwa nyumba, walieleza sababu yake, waliwaomba wakubwa wa mahali, pamoja na maimamu katika sala ya Ijumaa, wazivae wao kwanza, na waliweka watu wa kumkumbusha kwa upole kila aliyeonekana bila barakoa. Katika vijiji visivyoshughulikiwa wavaaji walikuwa asilimia 13; katika vile vilivyoshughulikiwa walifika asilimia 42. Wagonjwa waliothibitishwa kwa damu walipungua kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Palipogawiwa barakoa za hospitali, kwa wenye umri wa miaka 60 na zaidi upungufu ulifika asilimia 35. Kumbuka kwamba hata huko zaidi ya nusu ya watu hawakuvaa, na bado wazee walipata faida.

Uchunguzi huo una habari nyingine, ambayo sisi tunaoandika na kuhubiri twapaswa kuimeza ingawa ni chungu. Ujumbe wa simu haukuongeza kitu. Zawadi na fedha hazikuongeza kitu. Hata maneno ya kuwahimiza watu wavae kwa ajili ya wenzao hayakuzidi nguvu maneno ya kuwahimiza wajilinde wenyewe. Kilicholeta badiliko ni kitambaa mkononi, kiongozi aliyekivaa, na mtu aliyesimama njiani akakumbusha. Imamu wa kijiji asiyejulikana na gazeti lolote alifanya kazi ambayo meya wa San Francisco aliiharibu kwa usiku mmoja.

Hizo zilikuwa siku za amri. Kenya iliondoa amri ya barakoa tarehe 11 Machi 2022, na Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya hatari tarehe 5 Mei 2023. Leo hakuna askari amwulizaye mtu juu ya pua yake, na mwenye kikohozi huingia msikitini au ndani ya basi kwa hiari yake, huamua mwenyewe kama atajifunika au atabaki nyumbani siku mbili.

Imepokewa habari kwamba Hadhrat Umar r.a. alimkuta mwanamke mwenye ukoma akiizunguka Kaaba katika msongamano wa watu. Ukoma leo hutibika, lakini siku zile haukuwa na dawa na watu waliuogopa mno. Umar hakumkemea wala hakumfukuza. Alimwambia kwa upole kwamba asiwaudhi watu, na kwamba ingekuwa heri akae nyumbani kwake. Mwanamke yule akaenda akakaa. Baadaye Umar alipokwisha fariki, mtu mmoja alipita kwake akamwambia kwamba yule aliyekukataza amekufa, basi sasa toka. Mwanamke akajibu kwamba yeye si wa kumtii Umar alipokuwa hai na kumwasi akiwa amekufa.