Graviti ni kitu halisi? Ipime mwenyewe

Mdogo wako akikuuliza kama graviti ni kitu halisi au ni neno tu la vitabuni, usianze kubishana naye. Tafuta uzi. Kitu unachoweza kukipima leo, ukakipima tena kesho ukapata jibu lile lile, hicho kipo, hata kama huwezi kukishika mkononi.

Azima timazi kwa fundi mwashi. Ukikosa, funga nati kubwa ya chuma kwenye uzi mwembamba usiovutika sana. Uzi wa kushonea viatu unafaa. Ining'inize kwenye msumari ulioshika barabara. Msumari ukicheza, jibu nalo litacheza.

Urefu uwe mita 1 kamili. Hapa ndipo wengi huharibu. Pima kuanzia uzi unapoachana na msumari hadi katikati ya nati, si hadi kwenye fundo. Pima nati ikiwa tayari inaning'inia, maana uzi hurefuka kidogo ukibeba mzigo. Ukikosea sentimita 1 tu, jibu la mwisho litahama kwa karibu 0.1. Hiyo ni zaidi ya tofauti yote ya graviti kati ya ikweta na ncha za dunia, kwa hiyo usilipue kazi hapa.

Vuta nati pembeni sentimita 10 hivi, halafu iachie. Usiisukume.

Washa stopwochi ya simu nati inapopita katikati, na hapo hapo sema "sifuri". Ukianza na "moja" utakuwa umejipunja. Kwenda na kurudi ni moja. Endelea mpaka 100, kisha gawa sekunde ulizopata kwa 100.

Sasa hesabu. Zidisha muda huo kwa wenyewe, halafu gawa 39.5 kwa jibu hilo. Tuseme umepata sekunde 201: muda ni 2.01, ukiuzidisha kwa wenyewe ni 4.04, na 39.5 gawa kwa 4.04 ni 9.78. Maana yake ni kwamba kitu kinachoanguka huongeza kasi kwa mita 9.78 kwa sekunde, kila sekunde inayopita. Hicho ndicho kipimo cha kwenye ikweta, usawa wa bahari.

Usiishie hapo. Ondoa nati, funga jiwe, kisha kipande cha mbao ngumu, ukirekebisha urefu kila mara. Muda utabaki karibu ule ule. Sumaku huvuta chuma ikaacha mbao. Graviti haichagui.

Atakayesema namba hiyo ya 9.78 imebuniwa na walimu, mweleze habari za Jean Richer. Mwaka 1672 mwanaastronomia huyo wa Paris alifika Cayenne, Amerika Kusini, karibu na ikweta. Huko saa yake ya pendulamu, yaani inayoendeshwa na uzito unaoyumba kama nati yako, ikawa inachelewa dakika mbili na nusu hivi kila siku. Ilibidi aipunguze pendulamu karibu milimita 3 ndipo ikaenda sawa. Saa haikuwa mbovu. Graviti ya Cayenne ni ndogo kuliko ya Paris.

Mwanafunzi mjanja atakuambia Einstein alisema mwaka 1915 kwamba graviti si mvuto, ni kupinda kwa nafasi na wakati. Mkubalie, kisha mwambie kupinda huko nako kumepimwa. Tarehe 14 Septemba 2015, mitambo miwili ya LIGO huko Marekani, mmoja jimbo la Louisiana na mwingine jimbo la Washington, ilinasa mawimbi ya graviti, yaani mitetemo ya nafasi na wakati, kutoka kwa mashimo meusi mawili yaliyogongana. Mikono ya mitambo hiyo ina urefu wa kilomita 4, na mawimbi yaliitikisa kwa kiasi kidogo kuliko upana wa protoni. Yalifika Louisiana kwanza, kisha Washington baada ya sehemu 7 kati ya elfu moja za sekunde, yakiwa yamebeba nishati kutoka umbali wa zaidi ya miaka ya nuru bilioni 1.