Jeraha Lisilouma



Muhula uliopita mwenzangu wa hosteli aliungua mkono kwa mafuta ya moto akikaanga mandazi. Kwa kuwa nasoma masomo ya Kiislamu, aliniuliza: "Sheikh, nitatawadhaje?" Sehemu moja ilikuwa na malengelenge na ilimuuma sana. Nyingine ilikuwa nyeupe, kavu, haiumi. Nikamwambia isiyouma aioshe kama kawaida.

Nilikosea. Hospitalini daktari alitueleza kwamba palipouma mishipa ya fahamu ilikuwa hai bado. Pasipouma moto ulikuwa umeshuka hadi chini na kuiua. Akafunga bandeji, akakataza isilowe.

Nikaanza kusoma habari za majeraha ya moto. Kumbe hata madaktari wazoefu, wakitazama kwa macho tu, hupatia kina cha jeraha takriban asilimia 60 hadi 75. Ndiyo maana baadhi ya hospitali kubwa duniani hutumia kipimo cha leza Dopla. Mwanga hafifu wa leza humulikwa kwenye jeraha bila kuligusa. Ukigonga chembe za damu zinazotembea, hurudi masafa yake yakiwa yamebadilika kidogo. Kompyuta huchora ramani ya rangi: nyekundu damu inapita vizuri, buluu inapita kidogo mno. Penye damu ya kutosha hutarajiwa kupona ndani ya siku 21. Pasipo na damu huenda pakahitaji kupandikizwa ngozi. Nchini Uingereza, taasisi ya NICE ilipendekeza kipimo hiki mwaka 2011.

Lililonigusa zaidi ni hili: kipimo hufanywa kati ya saa 48 na siku 5 baada ya kuungua, kwa sababu mwanzoni jeraha hubadilika. Mashine yenyewe husubiri siku mbili. Mimi nilihukumu kwa dakika moja.

Wanafiqhi walishatufundisha: madhara ya maji huthibitishwa na tabibu mjuzi, mwaminifu. Kwa madhehebu ya Shafi, mwenye bandeji huosha palipo pazima, hupangusa juu ya bandeji, na hutayamamu. Tukumbuke pia hadithi ya Abu Dawud kuhusu majeruhi aliyeambiwa na wenzake aoge, akafa, na Mtume (s.a.w.) akawakemea vikali.

Ukiulizwa usilolijua, uliza kwanza. Mwenzangu amepona, alhamdulillah. Nami nimemwomba radhi.

Wallahu a'lam.